Damu Inapovuja Mezani: Mwongozo wa Kudhibiti Damu Katika Upasuaji Mkubwa

Ukimsikia mpasuaji anasema "panavuja kidogo tu", tazama chupa ya sakisheni kabla ya kumtazama yeye. Si kwamba anadanganya. Mikono yake imo tumboni, macho yake yako kwenye mshipa mmoja, na damu iliyolowa kwenye mashuka, iliyonywewa na gozi na iliyodondokea sakafuni haioni. Wagonjwa niliowaona wakipotelea mezani kwa kutokwa damu hawakupotea kwa sababu hakuna aliyejua la kufanya. Walipotea katika ile nusu saa ambayo kila mmoja aliona, na kila mmoja akangoja mwenzake aseme.

Nimeandika haya kwa ajili ya wenzangu wa thieta za wilaya na mikoa: mpasuaji, mtu wa usingizi, muuguzi anayehesabu gozi, na mtu wa maabara anayegongewa mlango saa nane usiku. Sizungumzii hospitali yenye mashine inayochora ugandaji wa damu kwenye skrini. Nazungumzia pale ambapo friji ina chupa tatu za damu, mbili ni za kundi B, na mgonjwa ni O. Dozi nitakazotaja ni za mtu mzima. Penye mwongozo wa wizara au wa hospitali yako, fuata huo.

Kabla ya kisu

Anza kwa kuuliza. Kipimo cha ugandaji, hata kikiwepo, hakisemi yote anayoyajua mgonjwa. Uling'olewa jino, damu ilikata baada ya muda gani? Hedhi yako huchukua siku ngapi? Uliwahi kuongezewa damu baada ya kujifungua? Kwa mtoto wa kiume uliza habari za jando, na usiishie kwake. Uliza kama ana mjomba aliyetokwa damu siku nyingi baada ya kutahiriwa. Hemofilia hupitia kwa mama, kwa hiyo shahidi wako ni mjomba; baba mdogo hana la kukueleza.

Kisha dawa. Usiulize "unatumia dawa gani?" ukaridhika na "hakuna". Watu wengi hawahesabu diklofenaki ya duka la dawa kuwa dawa, na ile aspirini ndogo ya kila siku wanaiita "ya presha". Uliza kwa jina, na ikiwezekana waambie ndugu walete mfuko wenyewe. Wafarini, dawa ya kuzuia damu isigande, huachwa siku 5 kabla ya upasuaji mkubwa na INR, kipimo cha muda wa damu kuganda, hupimwa tena. Lenga chini ya 1.5. Klopidogreli, inayozuia kazi hiyohiyo ya kuganda kwa njia nyingine, huachwa siku 5 hadi 7. Aspirini inategemea: mwenye springi (stenti) kwenye mshipa wa moyo usimwachishe kienyeji, maana unaweza kuzuia damu ya mezani ukamletea mshtuko wa moyo wodini. Zungumza kwanza na daktari aliyemwandikia. Mgonjwa wa wafarini akija kwa dharura, mpe vitamini K miligramu 5 hadi 10 kwenye mshipa, polepole, lakini ujue huchukua saa kadhaa kufanya kazi. Kisu kikiwa hakiwezi kungoja, mpe plazima, yaani maji ya damu yenye vitu vya kugandisha, mililita 15 kwa kila kilo, kama ipo.

Upungufu wa damu ndio unaodharauliwa kuliko yote, nami hapa nina ugomvi na tabia yetu. Mama ana uvimbe kwenye kizazi, anatokwa damu nyingi kila mwezi, himoglobini yake ni 8, amepangiwa upasuaji wa wiki sita zijazo. Tunamwambia "uje na ndugu wawili wa kuchangia damu." Wiki sita zile zilitosha kumpa vidonge vya madini ya chuma, kumtibu minyoo na malaria kama anayo, kumpima selimundu, na kumwambia asimeze vidonge kwa chai ya rangi, kwa sababu chai huzuia chuma kufyonzwa. Kama anaweza, avimeze kwa maji ya limau au ya chungwa. Damu anayoitengeneza mwenyewe haihitaji kulinganishwa na maabara.

Sasa piga hesabu ya akiba yake. Mtu mzima ana takriban mililita 70 za damu kwa kila kilo ya uzito. Mama wa kilo 60 ana kama mililita 4,200. Tuseme anaingia na himoglobini 12 na hutaki ashuke chini ya 7: zidisha 4,200 kwa 5, gawanya kwa 12. Unapata 1,750. Mama yuleyule akiingia na himoglobini 9, utazidisha 4,200 kwa 2 na kugawanya kwa 9, na unabaki na kama 930. Kilo ni zilezile na operesheni ni ileile, ila akiba imepungua karibu nusu. Ni makadirio tu, lakini iandike namba hiyo kwenye ubao wa thieta kabla ya kukata, kwa herufi kubwa. Ndiyo itakayokukata ubishi baadaye.

Orodha ya usalama ya Shirika la Afya Duniani ina swali linalohusu jambo hili, na huulizwa kabla ya mgonjwa kulazwa usingizi: je, anaweza kupoteza zaidi ya mililita 500? Kwa mtoto ni mililita 7 kwa kilo. Jibu likiwa ndiyo, njia mbili za mshipa ziwe tayari. Orodha hiyo ilijaribiwa katika hospitali za miji minane duniani, na mmojawapo ulikuwa Ifakara, kwetu Kilombero, Tanzania, pamoja na London, Seattle, Manila na mingine. Matokeo yalitoka mwaka 2009: vifo kwa jumla vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Kwa hiyo yule anayesema orodha ile ni ya Wazungu wenye muda, mwambie ilipita Kilombero.

Njia mbili ni kanula kubwa mbili, za kijivu au za rangi ya chungwa. Kanula ya waridi ni ya kupitishia dawa. Ukitaka kupitisha damu kwa kasi itakuangusha. Ziweke mshipa ukiwa bado umejaa. Mkono wa mgonjwa aliyekwisha kuzimia kwa kukosa damu huwa kama karatasi.

Inapoanza

Anayehesabu damu awe mtu mmoja, atajwe jina kabla ya kuanza, na atangaze kila mililita 500 kwa sauti. Chupa ya sakisheni, toa maji mliyosafishia tumbo. Gozi zilizolowa, zipimwe kwenye mizani, toa uzito wa zikiwa kavu. Gramu moja hesabu mililita moja. Mizani ya jikoni inatosha, mradi iwe ya thieta peke yake. Damu ya sakafuni na ya mashuka ikadirie, kisha ongeza, maana macho ya watu hukadiria pungufu damu inapokuwa nyingi.

Ikifika nusu ya namba iliyoko ubaoni na bado inavuja, mtu wa usingizi aseme maneno haya, si mengine: "Tumepoteza kiasi hiki. Presha ni hii. Mapigo ni haya. Naita damu." Mapigo yakizidi namba ya juu ya presha, umechelewa kidogo. Kwa mjamzito umechelewa sana, kwa sababu damu yake huwa imeongezeka kwa ujauzito na mwili wake huficha upungufu hadi dakika za mwisho.

Mpasuaji naye akisikia hivyo aache kutafuta, abane. Hili ni gumu kuliko linavyosikika. Kidole, ngumi au gozi iliyokunjwa juu ya panapovuja, dakika 5 kwa saa ya ukutani. Kila anapofunua kuchungulia, anavunja donge lililokuwa linaanza kushika. Damu ikiwa inapanda kutoka kusikojulikana, mkono uingie juu ya tumbo, chini ya kiwambo, uukandamize mshipa mkuu kwenye uti wa mgongo. Ini likipasuka, kuna mbinu ya James Hogarth Pringle wa Glasgow, aliyeiandika mwaka 1908: vidole viwili nyuma ya kikonyo cha mishipa iendayo kwenye ini, unabana, unaona kama damu inapungua. Ikipungua, weka klempu laini, uiachie kila baada ya dakika 15 au 20. Damu ikiendelea kama kawaida, inatoka kwenye mishipa ya nyuma ya ini. Usiifukue, jaza gozi.

Kwa mji wa mimba uliolegea, baada ya kuukanda kwa mikono miwili na dawa za kuubana, kuna mshono wa kuufunga kama ukanda wa suruali uliopita mabegani, ambao Christopher B-Lynch aliutangaza mwaka 1997. Hauhitaji kifaa kipya, ni uzi na sindano ndefu. Jaribu kwanza kuuminya mji kwa mikono. Damu ikikata ukiuminya, mshono nao utafaa. Isipokata, funga mishipa ya pembeni ya mji, na usione aibu kuutoa mji mapema. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 kutoka nchi 22 za Afrika ulikuta kina mama kama 5 wakifariki katika kila 1,000 waliojifungua kwa upasuaji, na kutokwa damu nyingi kulikuwa miongoni mwa visababishi vikubwa.

Kabla ya kuachia chochote ulichokuwa umekibana, mwambie mtu wa usingizi. Ampe mgonjwa damu kwanza, wewe uachie baadaye.

Kosa langu la dripu

Miaka ya mwanzo nilimsimamia usingizi kijana wa bodaboda aliyepasuka bandama. Presha ilishuka, nikafungua salaini njia zote mbili. Ikapanda, ikashuka, nikaongeza. Lita nne zilikwisha kabla chupa ya kwanza ya damu haijafika. Mpasuaji alikuwa ameshaitoa bandama, mshipa umefungwa vizuri, lakini tumbo zima likaanza kutoa jasho la damu: kwenye ngozi iliyokatwa, kwenye matundu ya sindano, kwenye kanula. Ilikuwa nyepesi kama juisi ya rozela. Hakuna donge hata moja kwenye mashuka. Alipona, baada ya siku nyingi. Lakini kazi ile ya kuvuja kwa pili niliifanya mimi na dripu zangu.

Maji hayana kitu cha kugandisha damu. Yanazimua kilichobaki, yanampoza mgonjwa, na salaini nyingi huongeza tindikali mwilini. Vimeng'enya vya kugandisha damu hupenda joto la mwili wa mtu; mwili ukishuka chini ya nyuzi 35 vinazembea, na chembe sahani, zile chembe ndogo za damu zinazoanzisha donge, hazishikani sawasawa. Juu ya hapo, damu ya chupa huhifadhiwa na sitrati, ambayo hukamata kalsiamu ili isigande kwenye mfuko. Ikiingia kwa kasi, inamkamatia mgonjwa kalsiamu yake pia. Na protini inayokuwa ya kwanza kuisha katika damu inayomwagika kwa wingi ni fibrinojeni, ambayo ndiyo nyuzi zenyewe za donge.

Kwa hiyo nifanyavyo sasa ni hivi. Hadi mpasuaji atakapobana panapovuja, naridhika namba ya juu ya presha ikiwa 80 hadi 90, isipokuwa mgonjwa aliyeumia kichwa, kwa sababu ubongo wake unahitaji presha zaidi. Natumia Ringa lakteti kwa mafungu ya mililita 250, nikipima kila fungu. Mgonjwa amefunikwa kichwa, mikono na miguu. Dripu na maji ya kusafishia tumbo yamepashwa moto. Na kiyoyozi kinazimwa hata kama mpasuaji anatiririka jasho. Atalalamika, mwache. Mfuko wa damu usiutie kwenye maji ya moto yanayochemka wala juu ya hita. Seli zitapasuka, na utampa mgonjwa sumu. Maji ya vuguvugu yasiyozidi nyuzi 37, mfuko ukiwa ndani ya nailoni safi, ndiyo njia ya pale pasipo na kifaa cha kupashia.

Kalsiamu: kila chupa nne za damu zinazoingia kwa kasi, toa mililita 10 za kloridi ya asilimia 10, au mililita 30 za glukoneti ya asilimia 10. Watu huzichanganya hizi mbili. Ujazo uleule wa kloridi una kalsiamu kama mara tatu ya ule wa glukoneti. Ipitishe polepole, na kwenye mpira usiopita damu, la sivyo itagandia humohumo.

Traneksamiki: saa tatu, na trei tofauti

Dawa hii ilianzia Japani mwaka 1962, kwa utafiti wa mke na mume, Utako na Shosuke Okamoto. Haigandishi damu, inazuia donge lililokwisha kuundwa lisiyeyushwe. Miaka mingi ilikaa pembeni. Mwaka 2010 ukatoka utafiti wa majeruhi zaidi ya 20,000, mwaka 2017 ukafuata wa kina mama zaidi ya 20,000 waliotokwa damu baada ya kujifungua, na yote miwili ilionyesha inapunguza vifo vya kutokwa damu, mradi itolewe ndani ya saa 3 tangu damu kuanza kutoka. Kila dakika 15 za kuchelewa hupunguza faida yake kwa kama asilimia 10. Baada ya saa 3 haisaidii, na huenda ikadhuru.

Dozi ni gramu 1 kwenye mshipa kwa dakika 10. Kwa majeruhi, gramu nyingine 1 taratibu kwa saa 8. Kwa mama aliyejifungua, gramu ya pili hutolewa kama bado anatokwa damu baada ya dakika 30, au ikianza tena ndani ya saa 24. Kwa upasuaji uliopangwa ambao unajua damu itakuwa nyingi, itoe mapema, mwanzoni mwa kazi, usingoje. Mwenye figo mbovu mpunguzie, na dozi kubwa kupita kiasi huleta degedege.

Jambo la kufa na kupona: vichupa vyake vinafanana na vya dawa ya ganzi ya mgongo. Ikiingizwa mgongoni kwa makosa huleta degedege kali na mara nyingi kifo. Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari juu yake mwaka 2020. Isikae kwenye trei ya ganzi, wala kwenye droo yake. Kwetu inakaa nje ya kabati la usingizi, pamoja na vifaa vya kutokwa damu.

Ngumi na dakika saba

Maabara ikiwa imefungwa, au majibu yatakuja kesho, bado unaweza kujua kama damu inaganda. Chukua mililita 2 za damu ya mshipa, uiweke kwenye kijichupa cha kioo, kisafi, kikavu, kisicho na dawa yoyote ndani. Cha plastiki hakifai. Kifumbate kwenye ngumi ili kipate joto lako. Baada ya dakika 4 kiinamishe taratibu, kisha kila dakika moja, mpaka damu ishike na uweze kukipindua bila kumwagika. Ikipita dakika 7 haijaganda, au donge ni laini linavunjika ukiligusa, mgonjwa wako ana tatizo la ugandaji, na uzi wa mpasuaji hautalimaliza. Kazi hii mpe mwanafunzi aliyesimama kona akiogopa kugusa kitu. Atafurahi, na atakuwa na saa mkononi.

Sasa unahitaji vitu vya kugandisha. Vikiwepo vilivyotengwa: plazima mililita 15 kwa kilo, ambayo kwa mtu wa kilo 60 ni kama mifuko minne, krayo (kriopresipiteti, sehemu ya plazima) kwa ajili ya fibrinojeni, chembe sahani zikiwa chini ya elfu 50 kwa maikrolita, au chini ya elfu 100 kwa upasuaji wa ubongo. Plazima huchukua kama nusu saa kuyeyuka, kwa hiyo iite pale unapofumbata ngumi, usingoje zile dakika 7 zikamilike. Penye majeraha makubwa, ratiba ya plazima, chembe sahani na seli nyekundu kwa kulingana, kipimo kimoja cha kila kimoja, ndiyo inayokubalika.

Lakini hospitali nyingi za wilaya zina damu nzima tu, na hapo tusijidharau. Damu nzima imebeba vyote kwa pamoja. Udhaifu wake ni kwamba kadiri inavyokaa kwenye friji, chembe sahani zake hufifia. Ukiwa na nafasi ya kuchagua kwa mgonjwa asiyeganda, omba iliyotolewa karibuni zaidi. Ndugu walioko nje wakipimwa na kutoa, sawa, ila hakuna dharura inayofuta vipimo vya Ukimwi, homa ya ini B na C, na kaswende. Hapo ndipo unaona kwa nini namba ya ubaoni iliandikwa mapema: kupima, kutoa na kulinganisha huchukua muda ambao huna tena. Damu ya O isiyolinganishwa ni ya yule anayekata roho. O hasi watunzie wasichana na kina mama wenye umri wa kuzaa, wanaume wapewe O chanya.

Mimba iliyotunga nje ya kizazi ikipasuka, tumbo lenyewe ni benki. Damu safi iliyotoka punde huchotwa kwa kikombe kilichotakaswa, huchujwa kwa tabaka kadhaa za gozi tasa, huingizwa kwenye mfuko wenye dawa ya kuzuia kuganda, na kurudishwa kwa mwenyewe. Usifanye hivyo kama utumbo umetoboka au damu imekaa tumboni kwa saa nyingi.

Kujua wakati wa kutoka

Mgonjwa ni wa baridi, anavuja kila mahali, kijichupa hakigandi, damu ya friji imeisha. Huyu hahitaji operesheni nzuri. Funga mishipa mikubwa inayoonekana, jaza gozi kubwa kwa mkandamizo, funga ngozi tu, mtoe. Apashwe joto, aongezewe damu na kalsiamu, apimwe mkojo. Lenga nusu mililita kwa kilo kwa saa. Kama kuna rufaa, ndiyo saa yake. Mtarudi ndani ya saa 24 hadi 48 kutoa gozi na kumalizia. Kwa mpasuaji kijana hii ni aibu kubwa kuliko zote, kufunga tumbo kazi haijaisha. Mtu wa usingizi ndiye anayepaswa kumtamkia.

Mwili uliotoka kupigania damu hugeuka: siku chache baadaye huganda kupita kiasi. Damu ikiwa imetulia kwa saa 12 hadi 24, mchoro wa presha umenyooka na bomba halitoi, anza dawa ya kuzuia kuganda: heparini vizio 5,000 chini ya ngozi mara mbili kwa siku, au enoksaparini miligramu 40 mara moja, na mgonjwa akalishwe kitandani, atembezwe mapema. Mguu mmoja ukivimba kuliko mwingine, au akabanwa pumzi ghafla, fikiria donge la damu, usimpe dawa ya gesi.

Na zile gozi zilizobaki tumboni: idadi yake iandikwe kwenye faili, kwenye ubao wa wodi, na kwa kalamu isiyofutika kwenye plasta iliyobandikwa juu ya kidonda, pamoja na tarehe na saa ya kuzitoa. Akipelekwa rufaa, dereva wa ambulansi huenda akaondoka bila faili.